Fundi Hapandi Mali ya Mteja

3 Juni

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Nakusalimu salamu nyingi kuliko unga ulio kwenye nywele zako. Mimi ni mzima, mzima mpaka naona aibu nikipita mbele ya wagonjwa. Rafiki yangu Kobe anakusalimu. Mkewe, shemeji yangu, anauliza kama bado unalala na kijiko mkononi kama ulipokuwa mdogo. Nimemwambia siku hizi uko kiwanda cha mikate, kijiko kimekua, sasa ni koleo.

Kabla hujauliza: simu nimeizima. Simu haifai kwa mtu mwenye maneno. Unakatizwa hadithi ikiwa bado haijavaa viatu. Barua zangu nitampa dereva wa lori la mikate yenu, yule anayeshusha mikate kwenye duka la jirani hapa, na wewe umpe zako. Zitachelewa, maana yule bwana akipata soga anasahau kama ana gari, lakini zitafika zikinukia.

Kobe unamkumbuka: yule mpaka rangi mrefu niliyepanga naye chumba kimoja ujanani, ndiye aliyeandika bango la karakana yangu. Sasa amestaafu, amejijengea kanyumba karibu na bahari, na ana baiskeli moja kubwa nyeusi yenye keria ya chuma ambayo ungeweza kubebea kabati na nguo zake ndani. Tumekubaliana kutembea kila siku, polepole, kama watu wasiodaiwa kufika. Shemeji anatufungia mayai na mkate, tunaondoka jua likiwa bado laini, tunarudi likiwa limechoka.

Jana tulikwenda kwenye mnara wa taa. Njia inafuata ufuo, mchanga upande mmoja na mashamba upande wa pili, na ng'ombe wamesimama katikati wakitazama maji kama wanaosubiri mtu. Upepo ulitujia usoni kwa nguvu, baiskeli ikawa inakanyagwa kwenda mbele huku inarudi nyuma. Tulipofika mnarani tulikuwa tumechelewa mpaka tukakuta ni juzi. Hilo usiniulize, lilitokea. Mzee anayetunza taa alituona kwa mbali akashuka ngazi zote, akasema, "Nani huyu bingwa?" Nikanyamaza. Bingwa hajitaji.

Nitakaa hapa wiki moja, au wiki moja na mkia.

Mama yako anaendeleaje? Usimwambie nimeuliza. Akikubana, sema nimeulizia karakana. Ufunguo upo juu ya fremu ya dirisha, anajua.

Ni mimi mjomba wako, ambaye bahari imenisogelea ili inione vizuri.


14 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenifikia ina alama ya kidole cha dereva na chembe za mkate. Huku tuko salama. Tanuri la pili limeharibika, kwa hiyo tunafanya zamu mbili mbili, na msimamizi wetu, yule tunayemwita Hamira kwa sababu huvimba akiguswa kidogo, ametukataza hata kukaa. Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya gunia.

Sasa sikiliza, na usinijibu kwa ng'ombe.

Nyonga ya Mama imezidi. Nilikwenda kumwona Jumapili. Kutoka chumbani hadi mlangoni anashika ukuta, halafu kabati, halafu ukuta. Unajua daktari mpasuaji haji pale hospitali ila mara chache kwa mwaka. Amempa tarehe: pili Julai. Vipimo vyote amefanya. Daktari aliniita pembeni akaniambia, asipokatwa safari hii, mwakani tutakuwa tunambeba.

Mama alikuwa amekubali. Ile wiki uliyoondoka akabadilika. Anasema, "Siingii pale mpaka ndugu yangu awepo."

Nikamwambia, "Basi nimwite?"

"Sijasema umwite. Nimesema mpaka awepo."

"Atakuwepoje asipoitwa?"

"Muulize yeye aliyeondoka."

Kuna nini kati yenu? Nikimuuliza anauliza kama nimekula. Kila asubuhi, nimeambiwa na jirani, anafungua karakana yako, anafagia, anakaa mlangoni kwenye kile kigoda chako, wateja wakija anawaambia fundi katoka kidogo. Wiki mbili, Mjomba. Kidogo gani hicho?

Mkia wa wiki yako umekuwa mrefu. Rudi kabla ya tarehe pili.

Mpwa wako.


27 Juni

Mpwa wangu wa pekee,

Marahaba, marahaba tena. Pole na tanuri, na mwambie huyo Hamira kwamba unga ukizidi kuumuka hudondoka wenyewe.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Ndiyo, kazi! Habari zangu zimesambaa ukanda mzima huu. Siku ile tulikwenda kwenye mashamba ya chumvi. Hujapata kuona weupe kama ule: vidimbwi vya chumvi vimepangwa kama meza za shule, maji yamelala juu yake, mawingu yanatembea chini ya miguu yako. Unaweza kuingiwa na kizunguzungu ukadhani unaendesha angani. Tukaegemeza baiskeli tukala mayai yetu. Hatukuhitaji chumvi, tulilamba tu hewa.

Sasa, kaa wa kule si kaa wa kawaida. Mmoja alikuja, akatazama pampu yetu ya kupuliza tairi, akaichukua, akaondoka nayo. Nilimfukuza! Alipoona namkaribia akaigeuza, akanipulizia upepo usoni, kofia ikaruka. Nilirudi na kofia. Pampu sasa ni ya ukoo wake.

Pale kuna mama mmoja mwenye koleo, mkono wake mgumu kama gome. Baiskeli yake ilikuwa inalia. Nikaigeuza juu chini, nikazungusha gurudumu, nikafumba macho. Unajua mjomba wako haangalii, anasikiliza. Gurudumu lina sauti ya shibe na sauti ya njaa. Nikakaza spoku mbili, nikapaka gilisi, nikazungusha tena: kimya kabisa. Yule mama akafurahi akasema, "Panda basi baba, zunguka nayo tuone."

Nikamwambia ninayowaambia wote: "Mama, fundi cherehani havai suti ya mteja. Na fundi baiskeli hapandi mali ya mteja."

Kobe akakohoa. Kobe ana kikohozi kibaya siku hizi.

Kuhusu tarehe pili. Mwambie mama yako kukatwa si kitu, ni kama kubadilisha beringi: unafungua, unatoa iliyokwisha, unatia mpya, unafunga. Lakini usimwambie ni maneno yangu, nilishayasema mara moja na hayakupokelewa vizuri. Mimi tarehe hiyo sitaweza. Tumeahidiana na Kobe kwenda kwenye daraja la mbao, na ahadi ni deni.

Kati yetu hakuna kitu. Ukiona watu wawili wananyamaza si lazima kuna kitu. Wakati mwingine wamechoka kuongea.

Anafagia kwa ufagio gani? Ule mgumu unachimba sakafu. Mwambie atumie mlaini. Usimwambie nimesema.

Ni mimi, niliyempokonya kaa kofia.


8 Julai

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ya tarehe ishirini na saba nimeipata jana. Tarehe pili imepita.

Niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani asubuhi na mapema. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kijani, viatu miguuni, mfuko wa nguo magotini. Nikafurahi, nikadhani tunaondoka. Gari nililokodi likapiga honi nje. Akasema, "Ngoja." Tukangoja. Kila kengele ya baiskeli ikilia barabarani anageuza shingo. Dereva akachoka, akaingia mpaka ukumbini. Mama akamwambia, "Baba, nenda. Leo sina mtu." Mimi nimesimama pale pale, Mjomba. Mimi si mtu?

Akavua viatu, kimoja kimoja, akaniomba nimsogezee sufuria.

Hospitali wamempa tarehe nyingine, kumi na tisa Agosti. Ni ya mwisho, daktari anaondoka baada ya hapo na hakuna anayejua atarudi lini.

Jambo lingine. Dereva wa mikate anasema amekuona kwenye barabara ya ufuo. Kobe yuko mbele anakanyaga, wewe uko nyuma kwenye keria, umemkumbatia kiuno kwa mikono miwili, macho umefumba. Nikamwambia amefananisha. Nikamwambia mjomba wangu alishinda mashindano ya mji mzima, nimekua nikisikia habari hiyo. Akasema, "Nimfananishe na nani, na kofia ile?"

Sina la kuuliza. Nimekuambia tu.

Mpwa wako.


20 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu za hapa ni nzuri, ila shemeji ana mafua, na Kobe anapaka rangi choo kwa mara ya pili kwa sababu hawezi kukaa bila brashi.

Huyo dereva aangalie mbele, asiangalie watu. Mimi nyuma nilikuwa nasikiliza mnyororo. Mnyororo husikilizwa kutoka nyuma, daktari naye hukuwekea kile chuma mgongoni, sivyo? Na kufumba macho nimeshakueleza. Na kumshika mtu kiuno ni adabu, barabara ilikuwa na mashimo.

Tulikwenda kwenye daraja la mbao. Ni refu, linavuka mdomo wa mto pale maji matamu yanapogombana na ya chumvi. Mbao nyingine zimetoka, unaona samaki chini wakikutazama wewe. Kobe akashuka akasukuma. Mimi nikatembea. Katikati Kobe akasimama akasema, "Hapa ni tambarare, na hakuna mtu. Kamata usukani." Nikamwambia naona mawingu. Akasema, "Mawingu gani?" Yalikuwa hayajafika bado.

Basi sikiliza. Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi za duka. Nilipofika pale pa viatu, kimoja kimoja, nikainuka nikamwambia Kobe twende mbali. Akauliza wapi. Nikasema popote. Tukaenda popote, tukarudi. Popote si pazuri, mpwa wangu. Kesho yake nikataka tena. Miguu inaniwasha, nikikaa nasimama, nikisimama natafuta kofia. Shemeji anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tumeshakwenda kwenye machimbo ya mawe, kwenye ghala bovu la samaki, kwenye kile kilima chenye mbuzi. Mtembezi hula miguu yake, walisema, na mimi yangu imebaki mifupa.

Unataka kujua kuna nini? Muulize mama yako alisema nini mbele ya mteja wa baiskeli nyekundu, na vijana wote wa kijiwe wakisikia. Na ukishamuuliza hilo, muulize la pili: ni nani aliyenikataza?

Hayo mashindano ya mji mzima, sikumbuki kama nilisema nilishinda nikiwa nimekaa juu ya kitu gani. Kuna watu hushinda kwa kutengeneza.

Ni mimi.


2 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Tanuri limepona, Hamira amepungua kidogo. Nilipata siku mbili nikaenda nyumbani, nikamuuliza Mama kama ulivyosema. Nilimkuta karakanani, kwenye kigoda chako, mguu ameunyoosha juu ya tairi kuukuu. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza chumvi, chumvi iko kwako.

Nikasema, "Mama, ulimwambia nini Mjomba mbele ya yule wa baiskeli nyekundu?"

Akasema, "Yeye alianza. Yule mteja alikuwa analalamika baiskeli inayumba, anataka fundi apande aone. Mjomba wako akaleta hadithi yake ya suti. Mimi nimekaa hapa naumwa, namfikiria yule daktari na visu vyake. Akanigeukia, watu wanasikia, akasema, 'Na wewe mtu mzima mzima unaogopa kukatwa, kitu cha kama beringi.' Nikamjibu, 'Na wewe mtu mzima mzima unaogopa kupanda baiskeli.' Wakacheka wote. Yule wa baiskeli nyekundu akacheka mpaka akakaa chini."

"Kwani hajui kuendesha kweli?"

"Hajawahi kupanda tangu yuko hivi," akaonyesha kwa mkono, chini ya meza.

Nikamuuliza la pili, nani alikukataza. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Aliiba baiskeli ya jirani akaenda nayo mtaroni. Meno ya mbele yakatoka, akalala hajitambui mpaka jioni. Mama yetu hayupo, mimi ndiye mama, nami nilikuwa msichana tu. Alipofumbua macho nikamwambia: hutapanda tena mpaka niseme mimi. Akaitikia kwa kichwa."

"Ukasema lini?"

Alikaa akitazama zile ringi zako ukutani.

"Sikusema. Nilisahau. Nilidhani anapanda kwa siri kama watoto wote. Baadaye nikaona hapandi, nikadhani ni woga." Akashika kitambaa chake, akakikunja, akakikunjua. "Kumbe huyu mjinga alikuwa ananisubiri mimi?"

Halafu akaniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie nimesema. Apande."

Nikamuuliza, "Nimwambie pia aje?"

"Sijasema aje. Nimesema apande."

Tarehe ni kumi na tisa. Hayo ni yangu, si ya Mama.

Mpwa wako.


14 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Dereva amerudi mikono mitupu. Anasema barua yangu alikukabidhi mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaitia ndani ya kofia, ukavaa kofia, ukaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo kila akipita shemeji yako anamwambia mmetoka asubuhi na mayai hamkuchukua. Mnakwenda wapi? Zimebaki siku chache. Mama haulizi, lakini kigoda amekigeuza kinaangalia barabara.

Kama hutakuja, usiandike. Niache nijue kwa kimya chako.

Mpwa wako.


21 Agosti, kwenye korido ya hospitali

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Salamu kwanza: mama yako ni mzima. Nimeliweka mbele ili usome mengine bila kurukaruka mistari, nakujua.

Nakuandikia nikiwa nimesimama kama wewe, karatasi iko ukutani, ndiyo maana herufi zinapanda kilima. Ulipopigiwa simu na muuguzi juzi ulielezwa kwa ufupi, watu wa hospitali hawajui kusimulia. Mimi nitakueleza yote hapa, na Jumamosi ukipata ruhusa kwa Hamira utakuja nikusimulie tena.

Kimya changu kilikuwa cha shule. Kobe, ambaye hajapata kuharakisha jambo lolote tangu tumejuana, alikimbia! Alishika keria akakimbia nyuma yangu kwenye ule mchanga mgumu maji yakiwa yametoka, anapiga kelele, "Tazama mbele! Usitazame gurudumu!" Mimi maisha yangu yote nimetazama gurudumu, nitazame nini kingine? Nilianguka kushoto, nikaanguka kulia, siku moja nilianguka pande zote mbili kwa pamoja. Wale ng'ombe walikuja kutazama, wakaita wenzao. Magoti yangu shemeji aliyapaka dawa mpaka yakawa kama bango la Kobe. Siku moja nikasema, "Kobe, usiniachie." Hakujibu. Nikasema tena. Nikageuka, naye yuko mbali kule, mdogo kama kijiti, amekaa mchangani anapumzika. Nikaenda peke yangu mpaka kwenye mnara wa taa.

Hapana. Mpaka kwenye ile mashua mbovu. Kutoka pale Kobe alipokaa hadi kwenye mashua mbovu. Si mbali. Lakini nilikwenda.

Kuja huku ningeweza kukanyaga njia nzima, ila lori la mikate lilikuwa na nafasi, na si vizuri kukataa nafasi ya mtu. Kobe alinipa ile baiskeli yake nyeusi tukaipakia juu ya makreti. Nikamwambia dereva, "Nishushe pale juu, kabla ya mteremko." Akasema, "Una hakika?" Nikamwambia aangalie mbele.

Mama yako alikuwa mlangoni pa karakana, gauni la kijani, mfuko magotini, viatu miguuni. Gari la kukodi limeshafika. Vijana wa kijiwe wote wapo, kana kwamba walialikwa. Nikapanda pale juu. Nikaachia.

Mpwa wangu, ule mteremko umekaa pale miaka yote na sikujua kama una mwendo namna ile. Breki nimezikaza mwenyewe kwa mikono yangu, breki nzuri sana, ila nilisahau kama zipo. Nilipita wale vijana, nikapita gari, nikaingia karakanani na baiskeli yote, nikapokelewa na rundo la matairi. Likafuata kopo la misumari. Likafuata bango.

Mama yako akasema, "Umevunja?"

"Mkono? Hapana, naona upo."

"Nauliza mlango wangu."

Halafu akacheka. Alicheka akashika nyonga, akasema "aa, aa, naumia," na akaendelea kucheka. Mimi chini ya matairi nikacheka. Hatukusema kitu kingine chochote kuhusu jambo lile, mpaka leo, na hatutasema, kwa hiyo na wewe usiulize.

Hapa hospitali walimlaza juu ya kitanda cha magurudumu, cha kumpeleka ndani. Kikalia korido nzima: kwii, kwii, kwii. Gurudumu la njaa kabisa. Pale penye milango miwili yule msukumaji akasema ndugu anaishia hapa. Mama yako akanishika shati. Hakuangalia milango, aliniangalia mimi, na mkono ule haukuwa wa dada mkubwa. Nilitafuta hadithi, mpwa wangu. Mimi! Nikatafuta, sikupata hata moja.

Nikamwambia, "Dada."

"Nini?"

"Nimesema. Ingia."

Akaliachia shati.

Baada ya hapo sikuweza kukaa. Nilikwenda mpaka dirishani nikarudi, nikasoma mabango yote ya kunawa mikono, hata yale ya watoto. Yule msukumaji akatoka na kile kitanda kitupu, kwii, kwii. Nikamwambia, "Lete hapa." Tukakigeuza ubavu, nikatoa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli, nikapaka gilisi kidogo ya mfukoni. Nikazungusha, nikafumba macho: kimya. Akasema, "Hebu kijaribu." Nikafungua mdomo kumwambia habari za suti. Nikaufunga. Nikapanda, nikalala chali, akanisukuma mpaka mwisho wa korido na kurudi. Muuguzi mmoja alituona akashika kiuno. Dari la huku limepasuka sehemu nyingi, wanapaswa kumwita Kobe.

Kisha akaenda nacho ndani, nami nikarudi kwenye kusubiri. Nikaweka masikio. Nikajiambia, nitamsikia akija, kitanda kitaniambia. Nikasikiliza mpaka masikio yakachoka. Viatu vya wauguzi, mlango, kikombe, kitanda hakuna. Nikaanza kufikiria mambo ambayo siwezi kuyaandika. Nikageukia ukuta.

Nyuma yangu mtu akasema, sauti imelewa dawa, "We. Unasubiri nini?"

Alikuwa ameshafika. Yuko kando yangu kabisa, na sikusikia kitu. Gurudumu nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe.

Nikamshika mkono. Nikasema, "Sikukusikia."

Akafumba macho, akasikiliza kidogo kitanda kikisukumwa. Akasema, "Hiki kimetengenezwa. Umekipanda?"

"Nimekipanda, dada."

"Haya," akasema, akalala.

Njoo Jumamosi. Nitakupokea kituoni na baiskeli. Mimi mbele, wewe kwenye keria, unishike kiuno kwa mikono miwili, na ukitaka kufumba macho, fumba. Breki sasa nazikumbuka.

Ni mimi mjomba wako, ambaye hapa katikati amekudanganya mahali pamoja tu, pale pa mnara wa taa, na amejisahihisha.